Koki ya Juu

Japheth alipewa miezi mitatu. Baada ya hiyo mitatu mkaguzi angekuja kutoka Homa Bay na fomu yake, amtazame akiendesha mashine ya barafu peke yake, tangu kuiwasha hadi kuizima. Akiweza, kazi ni yake, ya kudumu, na cheti juu. Akishindwa, angerudi mahali alipokuwa ameshinda kwa miaka minne: kando ya lami, bahasha ya kaki kwapani, diploma ndani ya bahasha, akihesabu pikipiki zinazopita.

Nasema haya mapema ili mtu asije akaniambia nilificha. Kuna mambo nilificha, lakini si hilo.

Kiwanda chetu kiko Muhuru Bay, hatua chache kutoka pale wanawake wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwa hivyo hata tukioga mara ngapi tunanuka vitu viwili, samaki na amonia, ile gesi inayoleta baridi. Barafu yetu hubebwa na mashua hadi Remba na visiwa vya jirani. Ni vipande virefu, mtu mzima hawezi kubeba kimoja peke yake, na tunavifunika kwa maranda ili samaki wa mbuta asioze kabla hajamfikia mnunuzi. Kazi yangu ilikuwa kuving'oa kutoka kwenye makopo yake ndani ya tangi la maji ya chumvi, kisha kuvisukuma hadi majini. Kabla ya hapo nilianika omena, na kabla ya omena niliolewa, na kati ya kazi hizo tatu ile ya barafu ndiyo iliyonitendea wema. Shule niliiacha darasa la saba. Mimi husema ni shule iliyoniacha mimi, nami nikawa mpole, sikuifuata.

Mwenye kiwanda ni Abdihakim, mtu wa Garissa aliyekuja huku miaka kumi na tisa iliyopita kuuza vitambaa, akaona samaki wanavyooza, akauza vitambaa vyote akanunua baridi. Dholuo yake, lugha yetu, ni safi kuliko ya watoto wangu. Ni bosi wa kelele, lakini kelele zake huisha kabla ya swala ya adhuhuri.

Asubuhi moja alitukusanya mbele ya geti.

"Nimechoka mimi," alisema. "Nimeajiri vijana wanne wa vyeti. Wa kwanza aliangalia mashine siku mbili, akaniuliza kitabu yake iko wapi. Wa pili alisema hii ni ya zamani, yeye alisomea mpya. Wa tatu aliogopa harufu. Wa nne sitaki hata kumtaja, alinizimia mashine Jumamosi ya soko. Mwenye cheti hajui mashine, na mwenye kujua mashine hana cheti. Basi! Tutafundisha wenyewe, hapa hapa. Kila anayejua nampa mmoja asiyejua, miezi tatu bega kwa bega. Nimeongea na ofisi Homa Bay, wamekubali. Wataleta mtu wa kupima."

"Na sisi ambao hatujui na cheti hatuna?" nikauliza.

"Wewe Caren unajua kuongea. Hiyo inakutosha."

Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wao, maana ukichekwa ni vizuri uwe mbele ya msafara. Lakini nilikuwa nimeuliza kweli. Ofisi ilitaka walau kidato cha nne. Nikarudi kwenye barafu yangu.

Aliyejua mashine alikuwa mmoja tu: Bathsheba, ambaye sote tunamwita Mama Joyline. Mume wake ndiye aliyekuwa mwendeshaji wa kwanza. Yeye alikuwa akimletea chakula cha mchana, anakaa akingoja sahani, na katika kungoja sahani kwa miaka akajifunza mashine yote. Mume alipofariki, Abdihakim alitafuta mtu wiki nzima, barafu ikiyeyuka, hadi mjane akaja na leso yake ya matanga akaiwasha mashine bila kuombwa. Hiyo ni miaka kumi na miwili sasa. Karatasi hana hata moja. Huweka kiganja kwenye bomba akakwambia ndani kunaendaje, kama mkunga na tumbo. Ila macho yalikuwa yameanza kumsumbua, ukungu wa uzee, na geji alikuwa akizisoma kwa kuzikaribia hadi pua inazigusa.

Na asiyejua aliyechaguliwa ni Japheth. Diploma ya mitambo ya baridi, alama nzuri, kijana mpole wa kusema pole hata umkanyage wewe. Kulikuwa na jambo dogo moja. Japheth alikuwa amemwoa Joyline.

Abdihakim alipoambiwa alifurahi. "Vizuri zaidi! Familia. Mtu hawezi kumficha mkwe wake kitu."

Tukatazamana. Kwetu mtu na maro wake, yaani mama wa mke wake, hawakai karibu. Hawashikani mkono. Hawali meza moja. Akimwona anakuja njiani, anaacha njia. Si chuki, ni heshima, na heshima hiyo ina uzito kuliko magunia. Abdihakim alijua, miaka kumi na tisa si michache, lakini alidhani hayo ni mambo ya bomani, kwamba yanaachwa getini pamoja na ndara. Na wenyewe wawili hawakusema neno. Japheth angesema nini? Kwamba kazi aliyoingoja miaka minne haitaki kwa sababu ya mwalimu? Na Mama Joyline angesema nini, wakati bintiye ana watoto wawili na sufuria moja?

"Kazi ni kazi," aliniambia akifunga leso kiunoni. "Mashine haijui nani ameoa nani."

Siku ya kwanza ndipo tulipoona shida ilivyo. Chumba cha mashine kina kelele, hiyo kompresa inayosukuma amonia inapiga kama watu hamsini wanatwanga. Ili mtu akusikie ndani ya chumba kile, kuna njia mbili: umkaribie hadi mdomo uguse sikio, au upige kelele. Mama Joyline hawezi kumkaribia mkwe wake. Wala hawezi kumpigia kelele, kumfokea mkwe ni matusi. Basi yeye akasimama ndani, Japheth akasimama nje kwenye ukumbi na daftari lake, na mlangoni kukawa na mtu wa kupeleka maneno.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Nani mwingine? Najua kuongea.

Vijana wa kupakia barafu wakaniita Jagam, yule mshenga wa kupeleka maneno kati ya nyumba mbili kabla ya ndoa. "Jagam, leo umefikisha wapi? Wamekubaliana?" Nami nikaifanya kazi ile kwa madaha. Mama Joyline akisema, "Mwambie aangalie geji ya kushoto isivuke mstari mwekundu," mimi nageuka: "Bwana harusi, upande wa bibi wanasema macho yako yasivuke mstari mwekundu!" Japheth anacheka, anaandika. Ilisaidia. Wote wawili walikuwa wamekakamaa kwa haya kama nguo iliyoanikwa na sabuni, na kicheko kiliwalegeza kidogo.

Na nisiwe mwongo, nilifurahi kwa sababu nyingine. Kila neno lilipita kwangu. Pale ambapo ilibidi kushika, Mama Joyline aliushika mkono wangu, si wa Japheth, akauweka juu ya bomba: "Sikia hapa. Sasa sikia hapa. Mwambie tofauti." Nikamwambia tofauti. Lakini tofauti ilibaki mkononi mwangu. Miezi mitatu nilikuwa mwanafunzi wa pekee ambaye jina lake halikuandikwa popote.

Sasa nieleze kuhusu mafuta, maana huko ndiko mambo yalikoharibikia.

Mafuta ya kompresa hutoroka kidogokidogo yakifuata amonia kwenye mabomba, mwisho yanatuama ndani ya mtungi wa chuma ulio chini kabisa, nyuma ya tangi. Kila Ijumaa yanatolewa. Mtungi una koki mbili. Ya juu inauunganisha na mashine. Ya chini inatoa mafuta yaende kwenye ndoo. Kabla hujagusa ya chini, lazima ya juu ifungwe, tena ifungwe saa nzima na zaidi, hadi ule weupe wa baridi uyeyuke kwenye ngozi ya mtungi. Ukiifungua ya chini wakati ya juu iko wazi, hutoi mafuta tena. Unaita amonia yote ya kiwanda ije usoni mwako.

Hapo zamani koki ya chini ilikuwa ya springi, ukiiachilia inajifunga. Springi ilichoka, ikawekwa koki ya kawaida, ya kuzungusha, tukingoja ya springi ije kutoka Nairobi. Ilikuwa mwaka wa pili tunaingoja.

Na koki ya juu imejificha. Kuifikia unajipenyeza kinyumenyume kati ya tangi na ukuta, gauni umelikunja hadi mapajani, matako yakitazama mlango. Sasa nani atafanya hivyo mbele ya mkwe? Mama Joyline alikuwa akija Ijumaa alfajiri, mapema kuliko sote, anaifunga ya juu peke yake, anashusha gauni, anakunywa chai. Japheth akifika saa mbili na daftari, mtungi umeshapata joto, somo linaanza na ndoo.

Ijumaa ya kwanza ya mafuta Japheth alichelewa, mtoto alikuwa na homa. Alifika anatoka jasho, shati halijafungwa vizuri. Mama Joyline alikuwa amechuchumaa pale pembeni, ametupa mgongo.

"Mwambie ya juu nimeshaifunga tangu alfajiri," alinena. "Aikumbuke hiyo. Bila hiyo hakuna kazi."

Nikageuka. Nikamwona mkwe wa watu amesimama na kifungo kimoja kimeruka, jasho likimtiririka, na vijana wawili wa kupakia nyuma yake wakingoja Jagam aseme neno. Na mimi neno likinijia siwezi kulitema chini.

"Anasema yeye ako tayari tangu alfajiri!" nikapaza sauti. "Ni wewe bwana harusi ndio unachelewa, na tena umekuja mikono mitupu, hata kuku hujabeba!"

Walicheka hadi wakashika ukuta. Japheth naye akacheka, akajifunga kifungo kisichokuwepo, akafungua daftari. Nyuma yangu nikasikia Mama Joyline naye anasema, "Haya, mwambie sasa aweke ndoo." Nikamwambia aweke ndoo.

Nilikusudia kurudia ile ya koki. Kweli nilikusudia. Lakini ndoo ikafuata, na koki ya chini ikafuata, na mkono wangu ukawekwa kwenye shingo ya mtungi nisikie mafuta yanavyopita, vuguvugu, na jinsi baridi inayouma inavyokuja nyuma yake kukwambia funga. Nikasahau. Ijumaa zilizofuata hazikulirudia neno hilo, Mama Joyline aliona limeshafika. Na mimi nilipokumbuka, wiki ya tano au ya sita, nilijiambia: huyu ana diploma ya baridi. Atakosaje kujua kitu ambacho hata mimi wa darasa la saba nakijua?

Miezi ikaisha. Mama Joyline alitia sahihi kwenye karatasi ya Abdihakim kwamba mwanafunzi ameiva. Sahihi yake ni herufi mbili na mkia.

Mkaguzi alikuja Jumanne. Jina lake Elijah, mtu wa miwani na viatu visivyopenda maji ya chumvi. Alitusalimia vizuri, akauliza mwalimu ni yupi, akashangaa kuona ni mama, akaficha mshangao haraka, nikampenda kwa hilo.

"Mwalimu utakaa nje," akasema. "Tusije tukampima mwalimu badala ya mwanafunzi."

"Na huyu?" Abdihakim akaninyooshea kidole. "Huyu ndio mdomo ya mwalimu."

"Mdomo pia nje."

Tukakaa kwenye benchi ukumbini, Mama Joyline na mimi. Japheth aliingia amevaa ovaroli mpya aliyoshonewa na Joyline, jina limedariziwa kifuani kwa uzi mwekundu. Alinikonyeza. Niliona shingo yake inavyoruka. Elijah akasimama mlangoni pale ambapo mimi husimama, kalamu mkononi, akawa anasoma fomu kwa sauti ya juu ili ishinde mashine.

Japheth aliiwasha vizuri. Alisoma geji zote. Aliulizwa, akajibu, na kila jibu nililijua, lilikuwa limepitia mdomoni mwangu. Elijah akawa anatia alama, anatia alama. Abdihakim alitembea huku na huku akijifanya anakagua paa. Mama Joyline alikuwa amefumba macho, anasikiliza kompresa, na midomo yake inacheza polepole, anaomba au anahesabu mapigo, sijui.

"Safi," tukamsikia Elijah. "Sasa nitolee mafuta kidogo, halafu tumalize."

Mama Joyline akafumbua macho.

"Leo ni Jumanne," akasema.

"Ndiyo."

"Ya juu iko wazi. Mwambie aifunge ya juu kwanza, wangoje."

"Anajua, Mama Joyline," nikamwambia. "Ana diploma huyo."

"Mwambie!"

Angeweza kusema mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi, hatua tano kutoka tulipokaa, na sauti anayo, nimemsikia akifukuza mbwa ikafika ng'ambo ya maji. Lakini kumpigia mkwe kelele, mbele ya mgeni, siku ya mtihani wake. Alinitazama tu na yale macho yenye ukungu, amenishika gauni, ananisukuma. Nikainuka. Sikukimbia. Nilikuwa natafuta namna ya kusema mbele ya mkaguzi bila kumwangusha Japheth, namna ya mzaha kidogo, isionekane kama anafundishwa. Nilikuwa nimeshaipata. Nilikuwa nimefungua mdomo.

Mafuta ya Jumanne ni baridi na mazito. Elijah alisimulia baadaye kwamba kijana alifungua koki, hakukutoka kitu, akafungua zaidi, hakukutoka kitu, akainama kuchungulia.

Sauti ya amonia ikitoka si ya mlipuko. Ni kama mtu mkubwa sana anapumua. Elijah alinipita na fomu yake nikaanguka ukutani. Kisha ile harufu, na si harufu tena inapokuwa nyingi kiasi hicho, ni ngumi ndani ya pua. Nilitoka nje kwa magoti. Nilipopangusa macho niliona Mama Joyline anaelekea kule ambako sote tulikuwa tunatoka. Leso ameilowesha kwenye pipa, ameizungusha usoni, anatambaa chini kabisa kama mtoto.

Kompresa ikazimwa. Kukawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia kiwandani kwetu. Halafu akatoka kinyumenyume, amemshika Japheth kwapani, anamburura.

Alimlaza karibu na pipa la maji safi. Alimpasua ovaroli, lile jina jekundu likachanika katikati, akamvua na shati, akamvua na suruali, maana nguo ikiwa na amonia inaendelea kuchoma. Wanaume wa pale, watu wazima, wakageuza nyuso. Mama mkwe anamvua mkwe wake nguo mchana, mbele ya watu. Mmoja alijifunika uso kwa kofia.

"Maji!" akapiga kelele. Sasa alipiga kelele. "Caren, maji, mwaga, usiache!"

Nikamwaga. Alimpakata kichwa mapajani, akamfungua kope kwa vidole vyake, moja baada ya nyingine, kwa nguvu, maana Japheth alikuwa akikaza macho na kulia kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Fungua, mwanangu. Fungua. Nitazame. Nitazame mimi." Miezi mitatu hakuwa amemtazama hata mara moja. Nilimwaga ndoo hadi mikono ikafa ganzi, na kila ndoo nilijiambia, bado, bado, yatarudi.

Walimpeleka Migori, kutoka Migori wakampeleka Kisumu. Yuko hai. Kifua chake kinapiga mluzi akipanda hata kilima cha kuku. Macho hayakurudi.

Wachunguzi walikuja, wa kazi na wa bima, kila mmoja na viatu vyake. Walilitazama daftari la Japheth. Mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka. *Ijumaa. Kutoa mafuta. Kwanza: weka ndoo.*

"Nani alimfundisha hivi?" mmoja akauliza.

Tulikuwa tumesimama mstari ukumbini. Ulimi wangu, huu usiolala, ulilala.

"Mwalimu ni mimi," Mama Joyline akasema. "Sahihi ni yangu."

Waliandika. Waliandika pia kuhusu springi, na kuhusu kinyago cha hewa kilichokuwa kimeisha muda wake kikining'inia msumarini, na Abdihakim hakubishana na hata mstari mmoja. Alijiinamia tu. Kiwanda kilifungwa wiki tatu. Mbuta walioza Remba, watu wakatukana. Mama Joyline hakurudi. Kwanza aliambiwa apumzike, kisha ikaeleweka.

Kabla ya kufungua tena, Abdihakim alinikuta nikifagia maranda. Kelele zilikuwa zimemwisha muda wote huo, akawa mtu wa sauti ndogo.

"Caren. Hii mashine unaijua?"

Ningesema hapana. Hiyo ndiyo ingekuwa heshima. Nina watoto watatu, nikasema ndiyo.

"Uliijua wakati gani?"

"Nikipeleka maneno."

Akanipa funguo. Koki ya springi ilikuwa imeshafika kutoka Nairobi, ndani ya sanduku, siku nne tu tangu wachunguzi waandike barua. Siku nne. Ofisi ya Homa Bay ililegeza ile ya kidato cha nne. Sasa nina wanafunzi wawili, mmoja wa diploma na mmoja wa darasa la nane, na siku ya kwanza nawakunja wote wawili kule nyuma ya tangi kinyumenyume, waishike koki ya juu, waifunge, waifungue, waifunge. Siwachekeshi. Wanasema mwalimu ni mkali, hana mzaha. Wapakiaji wa zamani walioniita Jagam wakisikia hivyo wanacheka peke yao.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona Japheth. Kwa miezi nilikuwa nikituma sukari na sabuni, najificha nyuma ya sukari. Joyline amepata kazi ya kuanika omena, anashinda ufukweni, kwa hivyo anayemwangalia mumewe mchana ni mama yake. Nilipoinama kupita mlangoni niliwakuta chumba kimoja, viti viwili, magoti yakikaribiana. Mama Joyline alikuwa ameshika bakuli la uji na kijiko. Vidole vya Japheth viliungua pia, bado havijakunjika vizuri.

"Nani?" Japheth akauliza.

"Jagam," nikasema.

"Ah! Karibu, Jagam. Kaa. Unaona mimi na maro tumekuwa jirani." Alitabasamu upande wangu, akakosea kidogo, akatabasamu ukutani. "Lakini heshima iko palepale. Simwoni."

Nilikuwa nimejiandaa njia nzima. Nikasema yote, bila kukaa, nikiwa nimeshika mwimo wa mlango: ile Ijumaa ya kwanza, alichosema Mama Joyline, nilichosema mimi. Kuku. Mikono mitupu. Nilisema mbele ya wote wawili, neno kwa neno, ujumbe ukiwa umechelewa.

Kifua cha Japheth kilipiga mluzi, kikanyamaza, kikapiga tena.

Mama Joyline alikoroga uji.

"Nilikusikia," akasema. "Si ulikuwa unapiga kelele? Nilijua hujaifikisha. Nikasema moyoni, nitamwambia arudie." Akainua kijiko, akakirudisha. "Halafu ile ya kuku ikanichekesha. Nilikuwa nimekupa mgongo, hukuona. Nilicheka, nikaogopa mkwe atanisikia nikicheka, nikasema haraka aweke ndoo."

Nje mtu aliburuta debe. Kuku, kweli kuku, aliingia akatutazama, akatoka.

Nilingoja Japheth aseme. Anifukuze, anitukane, anitupie bakuli, vyovyote. Alikaa amegeuza uso pale alipodhani nipo. Kijiko kilikuwa hatua ndogo kutoka mdomoni mwake, mkono wa mama mkwe wake ukikishika, na angeweza kumwambia mwenyewe kwa kunong'ona.

"Caren," akasema mwishowe. "Mwambie maro uji umepoa."

Nikageuka kwa Mama Joyline.

"Anasema uji umepoa," nikasema.

"Mwambie naupasha moto."

"Anasema anaupasha moto."

Akainuka akaenda jikoni. Nami nikabaki pale mlangoni, nikingoja kama kuna neno lingine.